Kigeugeu ni Nani?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nami, mpenzi msomaji, nina maradhi yangu ambayo nimeamua kuyaanika katika kurasa hizi za jarida letu la Chama cha Kiswahili, mbele ya walimu wangu waheshimiwa na wanafunzi wenzangu. Lakini kabla sijayaanika nina swali moja la kukuuliza. Kigeugeu ni nani?

Swali lenyewe halikuzaliwa katika kipindi cha Kiswahili. Lilizaliwa katika kipindi cha Kiingereza, muhula wa kwanza mwaka huu, saa nane mchana, ule wakati ambapo usingizi humnyemelea hata kiranja wa darasa. Mwalimu alikuwa akitufundisha maneno ya kueleza tabia za watu. Aliandika ubaoni neno "fickle," kisha akauliza ni nani awezaye kutoa maana yake. Mimi nikainua mkono juu juu. Kiingereza kilikataa kunijia, nikaropoka, "Mwalimu, ni mtu kigeugeu!"

Mwalimu alicheka. Alisema nimejibu kwa lugha ambayo si ya kipindi chake, ila jibu limelenga shabaha. Nilipokuwa nikijiandaa kuvimba kichwa, sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Kama wewe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakujua kulikuwa na nini, akaendelea na somo. Mimi nilijua. Aliyesema maneno hayo alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa darasa la kwanza kule Kibera, na hakuwa akifanya mzaha. Niliinamisha kichwa kwenye dawati mpaka kengele ikalia.

Jioni ile nilikwenda maktaba kutafuta Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Ya shule yetu jalada lake limeshikiliwa kwa gundi na sala za mwalimu wa maktaba. Nilitaka kuona kama kweli neno lile lanifaa. Sikujua kwamba nitatumia wiki tatu nikilifuata neno moja tu kama mtoto afuataye mwenge wa uhuru.

Tuanze na Kiingereza kwa kuwa ndicho kilichonitia taabani. Neno "fickle" ni sifa. Huelezea mtu asiyekaa na nia moja, leo akupenda kesho hakujui. Waingereza pia hulitumia kwa hali ya hewa na kwa bahati. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet, binti Juliet anaitaja bahati yake kwa neno hilo hilo. Jambo lililonishangaza ni asili yake. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilitokana na "ficol," na maana yake ilikuwa mtu mdanganyifu, mwenye hila. Kumbe zamani halikuwa neno la mtu wa kubadilika tu! Lilikuwa neno la mtu wa kuhadaa. Miaka imepita, makali yake yamepungua, na leo laweza kusemwa hata juu ya mvua.

Sasa njoo kwetu. Kigeugeu kimeundwa na kiambishi ki- na mzizi -geu- uliorudiwa mara mbili. Mzizi huo ndio ulio katika geuka na geuza. Huelezea mtu au kitu kinachobadilikabadilika, kisicho na msimamo. Wingi wake ni vigeugeu. Hapa naomba niwakumbushe wenzangu jambo moja ambalo hutupotezea alama katika insha. Tunapomsema mtu, hatusemi "kigeugeu hiki kimeondoka." Twasema "kigeugeu huyu ameondoka," kama vile tusemavyo kijana huyu, kipofu huyu, kiziwi huyu. Mtu hubaki mtu hata tukimtukana.

Nayo matusi ya aina hii lugha yetu haikuyanyimwa. Kigeugeu ana ndugu, na ndugu hawa tunawachanganya ovyo. Yuko ndumakuwili, ambaye husemwa ni nyoka mwenye vichwa viwili. Huyu hageuki hata kidogo. Ana nyuso mbili kwa wakati mmoja, moja kwako na moja kwa adui yako. Yuko bendera, ambaye methali yasema hufuata upepo. Huyu hugeuka, ila ukimjua mwenye nguvu ni nani utajua atageukia wapi. Yuko kinyonga. Maskini kinyonga! Sisi humwita mnafiki wa porini, lakini somo la Bayolojia limeniambia kwamba hubadili rangi zaidi kwa ajili ya joto la mwili wake na kuzungumza na vinyonga wenzake kuliko kwa kujificha. Yaani rangi yake ndiyo lugha yake. Kigeugeu ni tofauti na hawa wote. Yeye huwezi kumtabiri. Alisema ndiyo, akasema la, akasema ndiyo tena, na ukimwuliza sababu hana.

Katika jiji letu la Nairobi neno hili lilipata miguu mwaka 2011, wakati mwanamuziki Jaguar alipotoa wimbo wenye jina hilo hilo. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu, lakini nimekua nikiusikia kwenye matatu na kwenye harusi. Tangu hapo kila mtu mtaani ni kigeugeu. Kocha akibadilisha mchezaji, kigeugeu. Msichana akikataa barua, kigeugeu. Muuza mahindi akipandisha bei kwa shilingi kumi, kigeugeu. Neno limekuwa kama chumvi mkononi mwa mpishi mlevi.

Na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Nasema kwamba neno hili tunalitumia vibaya, na tunawaumiza nalo watu wasiostahili, huku wanaostahili wakipita wakipunga mkono. Nitatoa mfano kwa mtu ninayemjua vyema kuliko wote, naye ni mama yangu mzazi.

Mimi nilizaliwa Kibera, katika kijiji cha Mashimoni. Mama alikuwa akiuza sukuma wiki, nyanya na vitunguu mbele ya nyumba yetu. Tarehe 23 Julai 2018, siku ya Jumatatu, matingatinga yaliingia kubomoa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nilikuwa darasa la tatu. Maelfu ya watu walipoteza makao, na hata shule ziliangushwa siku hiyo. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya mstari wa barabara. Nyumba ya rafiki yangu yule wa "kama wewe" ilikuwa nje ya mstari, hatua chache tu. Wao wakabaki, sisi tukabeba godoro, jiko na sufuria tukaenda kwa shangazi yangu Kawangware.

Kule Kawangware hakuna aliyejua nyanya za mama. Mahali pa kuweka meza palikuwa na wenyewe. Basi akaanza kwenda Lavington asubuhi pamoja na akina mama wengine, kuketi kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua nguo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zikafungwa mwezi Machi, na wenye nguo wakaogopa kuingiza wageni nyumbani mwao. Mama akaacha kufua, akachukua mitumba Gikomba na kuitembeza mlango kwa mlango. Watu hawakuwa na pesa ya nguo. Watu walikuwa na pesa ya chakula tu, tena kidogo. Akaacha mitumba, akaanza kuuza smoki na mayai ya kuchemsha kwa kachumbari pale stegi ya 46. Kazi hiyo ndiyo imenileta mpaka Kidato cha Tatu.

Siku moja, nikiwa nimeketi mlangoni nikiosha nyanya za kachumbari, nilimsikia jirani akimwambia mwenziwe bila hata kushusha sauti: "Huyu mama ni kigeugeu sana. Leo kufua, kesho mitumba, kesho kutwa smoki. Hawezi tulia na kitu moja."

Mama alisikia pia. Hakujibu. Alichukua beseni akaingia ndani. Lakini mimi nilimwona uso, na nakuambia, msomaji, kuna maneno ambayo hayatoki damu lakini hukata.

Sasa niambie wewe uliye na kamusi. Mama yangu aligeuka mara ngapi? Mara tatu. Je, kila mara hakuwa na sababu? Barabara ilimwondoa kwenye nyanya. Ugonjwa ulimwondoa kwenye kufua. Njaa za watu zilimwondoa kwenye mitumba. Nia yake ilikuwa ile ile moja tangu Mashimoni, kwamba watoto wale na wasome. Kilichogeuka ni njia tu. Mto ukikuta jiwe huzunguka, na hakuna aliyewahi kuuita mto kigeugeu kwa sababu hiyo.

Mimi mwenyewe nilionja kidogo ya uchungu huo. Nilipokwenda Kawangware nilikuta watoto wana sheng yao, nami nilikuwa na ya Kibera. Wakanicheka. Nikajifunza ya kwao. Niliporudi Kibera kumtembelea rafiki yangu, naye akanicheka, "Maze, umekuwa mtu wa Kawangware! Umebadilika." Kawangware mimi mtu wa Kibera, Kibera mimi mtu wa Kawangware. Nyumbani naongea Kiluhya na mama, darasani naongea Kiswahili sanifu, nikimjibu mwalimu wa Hisabati naongea Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Je, mimi ni kigeugeu? Kama ndivyo, basi Nairobi nzima ni vigeugeu, maana ni nani asiyefanya hivyo kila siku kabla ya saa nne asubuhi?

Hata maneno yetu na mitaa yetu hugeuka. Matatu yaliitwa hivyo kwa sababu ya mapeni matatu ya nauli ya zamani. Leo hayabebi mtu kwa mapeni matatu, na vijana tumeshayaita mathree, kisha nganya, na kufikia mwaka ujao huenda tukayaita jina jingine. Kawangware stegi imebeba nambari ya basi, 46. Kibera nayo jina lake limetoka kwa Wanubi, waliopaita Kibra, yaani msituni. Leo msitu hakuna, kuna mabati, lakini jina la Kibra limerudi tena kwenye eneo la ubunge tangu uchaguzi wa mwaka 2013. Hakuna aliyeuita mtaa kigeugeu.

Basi nikarudi kwenye kamusi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya. Mzizi ule ule wa geu, ambao umetupa tusi la kigeugeu, umetupa pia neno ambalo Wakenya walilipigania. Neno hilo ni mageuzi.

Mwalimu wetu wa Historia hutufundisha kwamba tarehe 7 Julai 1990 watu walikusanyika Kamukunji wakidai mageuzi, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba. Mwezi Desemba mwaka 1991 kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kiliondolewa katika katiba, na mwaka 1992 nchi ikapiga kura ya vyama vingi. Wako watu waliofungwa kwa ajili ya neno hilo. Mwaka 2010 tukapata katiba mpya. Hakuna anayesema kwamba waliotaka mageuzi walikuwa vigeugeu.

Ndugu msomaji, maneno haya mawili yametoka tumbo moja. Tofauti yao ni nini? Jibu nimelipata mahali padogo sana, na ni mahali ambapo kila mmoja wetu hupitia bila kuangalia. Katika kigeugeu, mzizi umerudiwa.

Hebu fikiri jinsi Kiswahili kinavyorudia maneno. Mtu akicheka, amecheka. Akichekacheka, mna shaka naye. Mtoto akilia, ana jambo. Akilialia, mnamwambia anyamaze. Anayezunguka ana safari, anayezungukazunguka hana kazi. Kuimba ni sanaa, kuimbaimba ni kelele za mtu anayeosha vyombo. Kitendo kikifanywa mara moja kina lengo. Kikirudiwarudiwa hivyo, lengo limepotea. Vivyo hivyo na geu. Anayegeuka ameona jambo. Kigeugeu anageuka, kisha anageuka tena, na mwishowe hajui alikuwa akitazama wapi. Lugha yetu haikukataza kugeuka. Imekataza kugeuka kusiko na mwisho.

Lakini naona hiyo peke yake haitoshi, maana kuna anayegeuka mara moja tu na akaangamiza mtu. Kwa hiyo naongeza la pili, na hili nimelitoa kwenye katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 103 chasema kwamba mbunge aliyechaguliwa kupitia chama fulani akikihama chama hicho, basi hupoteza kiti chake. Haisemi asihame. Mtu ana haki ya kubadili mawazo. Yasema tu kwamba kiti alichopewa kwa ahadi ya chama kile akirudishe kwa wananchi, wao ndio watakaoamua tena. Yaani geuka ukitaka, lakini lipa kwanza ulichokopa. Naam! Nilipokisoma kifungu hicho nilifunga kitabu, kwa sababu kilinigusa mimi, wala hakikuwa na habari na wabunge.

Sasa nayaanika maradhi yangu.

Mwezi Februari mimi na rafiki yangu tuliazima nakala ya Nguu za Jadi, ile riwaya ya Clara Momanyi, kutoka kabati la vitabu. Aliyetia sahihi ni yeye, lakini tulikuwa tukisoma pamoja. Jioni moja tulikuwa tukitoka shule, yeye akielekea Kibera nami nikijiandaa kushika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner na kupanda Naivasha Road kwenda nyumbani. Mvua ikatukuta. Tulikuwa tukikimbia, kitabu nikiwa nimekishika mimi, kikaniponyoka kikaanguka kwenye mtaro. Tulipokitoa kilikuwa kama uji.

Tulisimama chini ya kibanda cha muuza viatu tukakubaliana. Kesho tutakwenda kwa mwalimu pamoja, tutasema ukweli, na tutalipa nusu kwa nusu. Tulipeana mkono. Alisema, "Si uko sure?" Nikamwambia, "Niko sure, buda."

Usiku ule nilipofika nyumbani nilimkuta mama akihesabu sarafu za siku. Hazikuwa nyingi. Mvua iliyotunyeshea sisi ndiyo iliyowafukuza wateja wake. Nilishindwa kumwambia. Asubuhi tulipoitwa na mwalimu, rafiki yangu akaanza kusema, "Tulikuwa..." Mwalimu akanitazama na kuniuliza kama nami nilikuwepo. Nikasema, "Hapana, mwalimu, mimi nilienda nyumbani mapema."

Sitasahau alivyonitazama. Hakunibishia. Aliambiwa alete mzazi.

Mchana nilimfuata uwanjani, nikamwomba radhi, nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu kusema kweli. Tulipofika mlango wa ofisi tulikuta wanafunzi wengine wamejaa, mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani ni nyinyi wawili mliharibu kitabu?" Nikajisikia nikisema, "Si mimi, ni yeye." Nikageuka mara ya pili, siku ile ile, hata jua halijazama. Kwa hesabu ya sarufi, geu na geu. Hapo ndipo alipoacha kuniita jina langu.

Kwa hiyo siku ile alipopaza sauti darasani, alikuwa ameipata maana ya neno kuliko mimi niliyeinua mkono. Mimi nilijua tafsiri, yeye alijua matumizi.

Mama alikuja kujua, maana Kibera na Kawangware si mbali kwa habari. Nilidhani atanichapa. Aliketi kitandani akaniuliza kwa nini. Nikamwambia niliogopa, hakukuwa na pesa, na kwamba nilitaka kumwondolea mzigo. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, mimi kazi nimebadilisha, na watu wamenisema. Lakini deni ya mtu sijawahi kukataa. Hata ile ya nyanya ya Kibera nililipa nikiwa huku." Kumbe tulipohama mwaka 2018 alikuwa na deni la mwenye nyanya za jumla, na alirudi Kibera mara tatu kwa miguu kulimaliza, wakati ambapo sisi wenyewe tulikuwa tukilala sakafuni kwa shangazi. Hakuna aliyejua. Jirani aliyemwita kigeugeu hakujua.

Jumamosi mbili mfululizo nilisimama stegi nikimenya mayai na kukata kachumbari, na mama akanitengea nusu ya bei ya kitabu. Nilimpelekea mwalimu, nikasema yote, tangu kibandani mpaka mlangoni pa ofisi. Nikamwambia rafiki yangu pia. Alipokea, akasema "sawa." Bado hatuketi dawati moja. Sikulaumu. Kitabu huweza kununuliwa kingine kikafanana na cha kwanza, lakini mkono uliopeanwa chini ya kibanda ni ule ule mmoja.

Wenzangu, mwaka huu wa 2026 sote tunaishi katika mgeuko. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza, kuna wadogo zetu wa Gredi ya 10 wa mtaala wa umilisi. Nimesikia baadhi yetu wakiwacheka, na wengine wakisema nchi hii ni kigeugeu kwa mambo ya elimu. Mimi sisemi ndiyo wala la. Nasema tupime kwa kipimo kile kile. Je, waliogeuza walikuwa na sababu ambayo wanaweza kuieleza? Je, wataendelea na walichoanza, au watageuka tena kesho? Na je, wale walioahidiwa jambo chini ya mfumo wa kale, yaani mimi na wewe, tutapewa tulichoahidiwa mpaka mtihani wetu wa mwaka 2027? Majibu yakiwa mazuri, hayo ni mageuzi. Yakiwa mabaya, jina lingine mnalijua.

Basi kabla hujamrushia mtu neno hili, awe mama wa smoki, awe mwanafunzi aliyehamia shule yenu katikati ya muhula, awe rafiki aliyebadili kanisa au timu au namna ya kusema, jiulize kwanza amegeuka kwa sababu gani, na ni nani aliyeachwa na deni. Ukikuta sababu ipo na deni halipo, mwache apite. Huyo ni msafiri tu. Ukikuta kuna mtu amesimama mlangoni pa ofisi akingoja rafiki aliyeahidi kuja, hapo tumia neno kwa sauti kubwa, kama nilivyotumiwa mimi. Nililistahili.

Nami natia nanga hapa. Kama kuna mahali nimekosea kisarufi, walimu wangu nisahihisheni. Kama kuna mahali nimesema kweli, basi na rafiki yangu, akisoma ukurasa huu, ajue kwamba safari hii nimeandika, na kilichoandikwa sitakigeuza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu.